Mtumbwi wa Boromir: Mshono Unaoitesa na Kuibeba The Two Towers

The Two Towers, juzuu ya pili ya riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ina mahali pawili panapomchosha msomaji. Pa kwanza ni baada tu ya vita vya Helm's Deep, ngome ya ufalme wa Rohan, ambapo sura mbili nzima, ya nane na ya tisa, zinakwenda kwa safari na masimulizi ya mambo yaliyokwisha kutokea. Pa pili ni mwanzo wa nusu ya pili. Baada ya sura kumi na moja za farasi, panga na wafalme, msomaji anajikuta kwenye majabali pamoja na mahobiti wawili (watu wafupi wa hadithi hii) waliopotea njia, na kalenda imerudishwa nyuma karibu wiki nzima. Anayefunga kitabu hapo nisingemwita mvivu. Amegonga mshono. Juzuu hii imeshonwa kwa vipande viwili ambavyo wahusika wake hawakutani hata mara moja, na uzi unaonekana.

Miaka yote ambayo riwaya hii imejadiliwa, mshono huo umehesabiwa kuwa kasoro. Ni kasoro kweli. Lakini mambo bora kabisa ya juzuu hii yanatokana na mshono huohuo, na ukiufumua yanaanguka nayo. Hapa nitataja mambo hadi ukurasa wa mwisho, kwa hiyo ambaye hajasoma aanze na kitabu chenyewe.

J.R.R. Tolkien hakutunga juzuu tatu. Aliandika riwaya moja ndefu ya sura 62, akaigawa ndani kwa ndani katika vitabu sita. Wachapishaji wake, George Allen & Unwin wa London, waliangalia bei ya karatasi na gharama za uchapaji katika miaka ile ya baada ya vita, wakaikata mara tatu, vitabu viwili viwili. Juzuu ya kwanza ilitoka 29 Julai 1954, ya pili 11 Novemba mwaka huohuo, ya tatu 20 Oktoba 1955. Kwa hiyo The Two Towers ni Kitabu cha Tatu (sura 11) na Kitabu cha Nne (sura 10) vilivyotiwa ndani ya jalada moja kwa sababu za kibiashara. Haina mwanzo wake yenyewe. Inafunguka Aragorn, kiongozi wa msafara, akipanda kilima mbio kutafuta nyayo za Frodo, hobiti aliyebeba Pete ya Sauron, bwana wa giza, na ugomvi uliosababisha mbio hizo uko katika sura ya mwisho ya juzuu iliyotangulia.

Hata jina liliwasumbua. Minara miwili ipi? Ndani ya riwaya ipo mitano inayoweza kudai nafasi hiyo: Orthanc, Barad-dûr, Minas Tirith, Minas Morgul na mnara wa Cirith Ungol. Maelezo mafupi mwishoni mwa juzuu ya kwanza yanataja Orthanc na Minas Morgul, na mchoro wa jalada alioutayarisha Tolkien unafuata hivyo, lakini katika barua zake alipima jozi nyingine pia. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002 ikachagua Orthanc na Barad-dûr. Jina lilitafutwa ili kufunga pamoja vitabu viwili visivyojuana, ndiyo maana halikazi.

Sasa tuziangalie tarehe, maana hapo ndipo mshono unapoonekana vizuri. Nyongeza B, mwishoni mwa juzuu ya tatu, ina orodha ya matukio siku kwa siku. (Ukikuta 30 Februari usidhani ni kosa la uchapaji, kalenda ya mahobiti huipa kila mwezi siku 30.) Kitabu cha Tatu kinaanza 26 Februari, siku anayokufa Boromir, na kinaisha usiku wa kuamkia 6 Machi, mchawi Gandalf akimpeleka mbio hobiti Pippin kwa farasi kuelekea Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor. Kitabu cha Nne kinawapokea Frodo na mtumishi wake Sam wakiwa bado wanahangaika katika vilima vya Emyn Muil. 29 Februari wanateremka na kumkamata Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete. Kinaendelea hadi 13 Machi. Yaani vitabu hivi vinalingana kwa wiki moja tu, kisha cha Nne kinakimbia peke yake wiki nyingine nzima mbele.

Sura ya kwanza ya Kitabu cha Tatu ni fupi, na ndiyo iliyobeba kifaa muhimu kuliko vyote. Boromir, aliyejaribu kumnyang'anya Frodo ile Pete, anakutwa ameegemea mti, mishale imemjaa. Anakiri kosa lake kwa Aragorn, anakufa. Wenzake watatu hawana muda wa kuchimba kaburi. Wanamlaza ndani ya mtumbwi, wanauachia maji, unapita maporomoko ya Rauros na kutokomea. Kisha tunapelekwa Rohan, na mtumbwi hautajwi tena katika Kitabu cha Tatu.

Zinapita sura kumi na nne. Katika sura ya tano ya Kitabu cha Nne, Frodo anasimama mbele ya Faramir, nahodha wa Gondor, anayemhoji kuhusu Boromir. Faramir ni mdogo wake Boromir, na Frodo hajui. Faramir anasimulia kwamba usiku mmoja, akiwa kando ya mto Anduin, aliuona mtumbwi unaelea unang'aa, na ndani yake amelala kaka yake. Ni usiku wa 29 Februari. Kitu kimoja tu kimevuka kutoka nusu moja ya juzuu hadi nyingine, nacho ni maiti.

Angalia hesabu ya nani anajua nini katika mazungumzo hayo. Faramir anajua kaka yake amekufa ila hajui kwa nini. Frodo anajua Boromir alishindwa na tamaa, lakini habari za kifo hana, wala hajui kwamba alikufa akiwatetea mahobiti Merry na Pippin. Msomaji anajua yote mawili, na amekuwa akiyabeba tangu ukurasa wa kwanza wa juzuu. Frodo anaposikia habari za mtumbwi anaingiwa na hofu kwamba labda kundi zima limeangamia. Sisi tunajua wazima. Hatuwezi kumwambia. Uchungu huo usingepatikana kama sura zingepishana moja moja, kwa sababu ungekuwa umetolewa rejareja. Tolkien ameuweka akiba sura kumi na nne, akaulipa kwa mkupuo mmoja.

Upande wa pili wa akiba hiyo ni giza. Sura kumi na moja mfululizo msomaji hana habari ya Frodo. Aragorn hana, Gandalf hana, Théoden, mfalme wa Rohan, hajui hata kama yupo. Msimulizi anatufungia katika ujinga uleule wa wahusika, na kila ushindi wa Rohan unabaki na shimo katikati: tumeshinda, lakini yule mwenye Pete yuko wapi? Kisha tukihamia kwa Frodo, yeye anamlilia Gandalf, aliyeanguka shimoni katika juzuu ya kwanza, kama marehemu ilhali sisi tumekwisha kumwona amerudi. Mara moja tu, katika sura ya tatu ya Kitabu cha Nne, msimulizi anajiruhusu kuunganisha waziwazi: anatueleza kwamba wakati Frodo anakata shauri mbele ya Lango Jeusi la Mordor, nchi ya Sauron, Gandalf alikuwa kwenye ngazi za Orthanc akizungumza na Saruman, mchawi msaliti mwenye mnara huo, na mawazo yake yalikuwa kwa Frodo na Sam. Basi. Ni sentensi chache tu.

Nikipima vitabu viwili kimoja kimoja, cha Tatu ndicho chenye nyufa nyingi, ingawa kimeanza kwa ufundi mkubwa. Sura ya pili inawafuata Aragorn, Legolas na Gimli wakiwafuatia kwa miguu maorki, viumbe wa jeshi la adui, waliowateka Merry na Pippin. Éomer, nahodha wa Rohan, anapokutana nao anapiga hesabu kwamba wametembea ligi 45 kabla siku ya nne haijaisha, ambazo ni zaidi ya kilomita 210. Njiani wanaokota kipini cha vazi chenye umbo la jani. Sura ya tatu inarudi nyuma na kutuonyesha Pippin akikidondosha makusudi. Tukio moja limeonekana kutoka ncha mbili, na mbinu rejeshi inafanya kazi kwa sababu jibu linakuja haraka, wakati swali bado lina joto.

Mbinu hiyohiyo inakwama katika sura ya tisa. Maenti, wale wachungaji wa miti, wameivunja Isengard, ngome ya Saruman. Ni tukio kubwa kuliko Helm's Deep, na halionyeshwi. Tunamaliza sura ya nne Maenti wakiwa njiani, kisha katika sura ya nane tunafika na kukuta maji yamefurika na mahobiti wawili wameketi getini wanavuta tumbaku. Sura inayofuata Merry na Pippin wanasimulia yaliyotokea, baada ya chakula, kwa utulivu wa watu waliokwisha kupona. Taharuki imekufa, maana matokeo tumeyaona kwa macho. Sababu ya kufanya hivyo naielewa: Tolkien alitaka Théoden, na sisi pamoja naye, tufike tukitarajia adui na kukuta magofu. Mshangao huo ni mzuri, ila umedumu kurasa chache na malipo yake ni sura nzima ya maelezo.

Helm's Deep yenyewe, ambayo wengi huifikiria kuwa moyo wa juzuu, ni sura moja, ya saba. Jeshi la Saruman lilikuwa kama 10,000 kwa makadirio ya Merry. Vita vimeandikwa vizuri: giza, mvua, ukuta unaolipuliwa, na Gimli akimshinda Legolas kwa hesabu ya 42 dhidi ya 41. Tatizo ni jinsi vinavyomalizika. Alfajiri Théoden anatoka na farasi wake, na papo hapo Gandalf anatokea na Erkenbrand, nahodha wa Rohan, akiwa na askari wa miguu elfu moja, na papo hapo tena bonde limejaa msitu ambao jana haukuwepo. Wokovu wa nje mara mbili kwa asubuhi moja ni mwingi. Kumtetea mwandishi kidogo: msitu umeandaliwa. Mwishoni mwa sura ya nne Pippin anageuka nyuma na kuhisi kwamba miti yenyewe inatembea. Ni mistari michache, msomaji wa haraka anaipita, na anapofika Helm's Deep anadhani ni sadfa.

Kurudi kwa Gandalf katika sura ya tano nako kuna gharama yake. Kuanzia hapo tunajua mtu mkubwa anaweza kutoka kaburini, na upande wa Rohan hofu inapungua. Tolkien anafidia kwa njia ninayoiheshimu sana: anaihamisha hatari kutoka kwenye upanga kwenda kwenye ulimi. Sura ya kumi haina hata pigo moja la silaha baina ya pande mbili. Saruman amesimama dirishani anaongea, na sauti yake inawafanya wapanda farasi waanze kumwona yeye kuwa ndiye mwenye busara na Gandalf kuwa mkorofi. Théoden, mzee aliyepotoshwa na maneno ya mshauri wake kwa muda mrefu, ndiye anayesimama na kumkatalia. Hicho ndicho kilele halisi cha Kitabu cha Tatu.

Kitabu cha Nne kilizaliwa kwa namna nyingine na kinasomeka kwa namna nyingine. Sehemu kubwa yake Tolkien aliiandika katika majira ya kuchipua ya mwaka 1944, akimtumia sura kwa sura mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini katika mafunzo ya jeshi la anga la Uingereza. Ilikuwa hadithi ya "itaendelea", yenye msikilizaji mmoja anayesubiri, na mwendo wake unaonyesha. Watu watatu tu, njia moja, chakula kinapungua. Hakuna sura inayokaa kueleza yaliyotokea kwingine.

Sura ya nne ndiyo mfano ninaoupenda. Gollum analeta sungura wawili. Sam ana sufuria zake mbili na kisanduku cha chumvi alivyobeba tangu kwao. Anamtuma Gollum majani ya kuungia mchuzi, Gollum anakataa, wanabishana juu ya viazi ambavyo havipo. Inaonekana ni sura ya kupumzikia. Lakini Sam anasahau kuuzima moto vizuri, moshi unapanda, na watu wa Faramir wanawakuta. Kosa la jikoni, la mtu aliyetaka bwana wake ale chakula cha moto, ndilo linaloleta mkutano na Faramir, na kwa njia hiyo mtumbwi wa Boromir. Ploti imesukumwa na tabia ya mhusika, hakuna tai wala msitu ulioingilia.

Katika sura hiyohiyo yupo mtu ambaye msomaji wa huku kwetu hawezi kumpita kimya. Wapiganaji wa Kusini, washirika wa Sauron, wanapita na tembo mkubwa wa vita. Mmoja anauawa na kuanguka karibu na Sam: nywele nyeusi zilizosukwa na dhahabu, mkono wa rangi ya kahawia umeshika upanga uliovunjika. Sam anajiuliza jina lake nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa nyumbani. Ni aya ya kiutu sana. Kisha tembo anatokea, na swali linaachwa hapohapo. Katika juzuu nzima hakuna mtu wa Kusini anayepewa jina wala sentensi ya kusema. Linganisha na watu wa vilima wa Dunland waliopigana upande wa Saruman: baada ya Helm's Deep wanasamehewa, wanaapishwa wasivuke tena mto Isen na silaha, wanarudi kwao wameshangaa, kwa kuwa waliambiwa mateka huchomwa moto wakiwa hai. Wao wamepewa sababu, wamepewa na njia ya kurudi. Mtu wa Kusini amepewa huruma ya Sam tu. Mwandishi aliliona swali, akaliandika vizuri, akaliacha. Hilo linaniuma kuliko angekuwa hakuliona.

Wanawake pia ni wachache mno. Éowyn, mpwa wa Théoden, anakabidhiwa watu na kuachwa nyuma wanaume wakienda vitani. Wake wa Maenti wamepotea zamani na wanakumbukwa kwa wimbo. Wa tatu ni Shelob, buibui. Éowyn atalipwa haki yake katika juzuu ya tatu, ila anayeisoma hii peke yake hawezi kujua.

Je, kitabu kingepona kwa kupishanisha sura? Filamu ilifanya hivyo. Ilihamishia kifo cha Boromir kwenye filamu ya kwanza na Shelob kwenye ya tatu, ikawa inaruka kati ya Rohan na Frodo. Kwa sinema ilikuwa lazima. Kwenye kitabu jaribu mwenyewe katika usomaji wa pili: sura za 1 hadi 3 za Kitabu cha Nne (29 Februari hadi 5 Machi) zinapachikana vizuri kati ya sura za 4 na 11 za cha Tatu. Baada ya hapo zinabaki sura saba za Frodo zisizo na mwenza, kwa sababu tarehe zake zinaangukia katika juzuu inayofuata. Kukata kwa mchapishaji na kukata kwa mwandishi hakulingani, na hakuna mpangilio wa ndani ya juzuu hii unaoweza kulirekebisha hilo.

Kwa usomaji wa kwanza fuata mpangilio uliopo. Soma sura za 8, 9 na 10 za Kitabu cha Tatu kwa mkao mmoja, ili uzito wa Saruman ufike kabla uchovu wa masimulizi haujakushinda. Ukimaliza sura ya 11, weka kitabu chini siku moja au mbili. Ni riwaya nyingine unaingia. Kisha soma sura tatu za kwanza za Kitabu cha Nne kwa pamoja, ramani ikiwa wazi, kwani zikikatwakatwa mabwawa yanaonekana hayana mwisho. Nyongeza B usiiguse hadi umalize yote, inafichua kila kitu.

Na anayeandika fantasia yake kwa Kiswahili, akiwa na juzuu tatu kichwani, achore jedwali kabla hajatenganisha wahusika: safu ya tarehe, safu ya anachojua kila kundi, safu ya anachojua msomaji. Pale safu ya msomaji inapotofautiana na ya mhusika ndipo pa kukaa. Pale zinapolingana, na bado mhusika anasimulia, futa.

Mwisho wa juzuu ni mkali. Sam anadhani Frodo amekufa kwa sumu ya Shelob, anachukua Pete, kisha anawasikia maorki wakisema yule mtu ni mzima. Anakimbilia lango, limefungwa, anajigonga na kuzimia. Wasomaji wa 1954 walisubiri miezi kumi na moja. Na juzuu ya tatu ilipotoka, ikawapitisha kwanza sura kumi za vita vya Gondor ndipo ikarudi kwenye lango lile.

Lakini jambo zito limetokea sura mbili nyuma, kwenye ngazi za Cirith Ungol. Gollum anarudi kutoka kwa Shelob, mpango wa usaliti umekamilika, anawakuta wamelala, kichwa cha Frodo kikiwa mapajani mwa Sam. Uso wake unabadilika. Kwa kitambo anaonekana mzee tu, hobiti aliyechoka, na ananyoosha mkono unaotetemeka na kuligusa goti la Frodo. Frodo analia usingizini, Sam anaamka, anauona mkono, anamkemea. Gollum anajikunja, na ile nafasi haitarudi tena. Katika barua moja Tolkien alieleza kwamba kwake hapo huenda ndipo penye msiba mkubwa kuliko wote katika hadithi nzima. Aliiweka hata kwenye Nyongeza B, katikati ya majeshi na wafalme, tarehe 11 Machi: Gollum alikwenda kwa Shelob, akamwona Frodo amelala, akakaribia kutubu.